Diski ya Majina

1

Koki zote kumi na tisa za visima vya Mwasutu zilijifunga kwa pamoja, saa mbili kasorobo asubuhi, na mshindo wake ulifika mpaka jikoni kwangu. Nilikuwa nimempakata Raudha, namlisha uji. Akageuza shingo ghafla, uji wote ukaishia kwenye khanga. Koki moja kufunga si habari. Kila siku mashine hufungua hii na kufunga ile. Lakini zote kumi na tisa kwa mara moja? Hilo sikuwahi kulisikia tangu tulipohamishiwa huku Singida.

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua mkoba wangu wa bisibisi, nikatoka.

Bwana Mghenyi, mtendaji wa kijiji, alikuwa ameshafika. Alisimama mlangoni pa chumba cha mashine, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri daktari atoke wodini. Yeye ni Mnyaturu, mwenyeji wa hapa hapa. Ndiye aliyetupokea sisi watu wa kisiwa cha Mrimbwa, miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya bahari. Sisi husema hivyo tu, "baada ya bahari", na kila mtu anaelewa.

"Mama Raudha," aliniambia, "mashine imetukasirikia?"

"Haina hasira, Mtendaji. Imeogopa."

Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja: Ramani haisomeki. Maji yote yamefungwa kwa usalama.

Chini ya ardhi ya Mwasutu maji hayatulii. Tangu yalipochimbwa yale mashimo marefu ya zamani, floraidi, ile inayogeuza meno kahawia na kupinda mifupa, hupanda na kushuka humo, leo kisima hiki, kesho kile, na haina rangi wala harufu. Mashine ndiyo inayojua kisima gani ni salama saa ngapi, kwa sababu ina vipimo vya miaka ishirini na miwili, na imefundishwa jambo moja kuliko yote: maji isiyoyajua, isiyaruhusu. Asubuhi ile ilijikuta haijui kitu.

"Kwenye matangi kuna maji ya siku mbili," Mghenyi alisema. "Nimeshapima kwa kijiti."

Nilifungua kabati la chuma. Ndani kuna diski mbili tu. Ya chini, karibu na sakafu, ni diski ya maji. Ya juu tunaiita diski ya majina. Zilikuja siku moja, kwenye boksi moja, mwaka ule tuliohamia, ya chini ikahamishiwa vipimo vya zamani, na namba zake zinafuatana.

Nilizima mashine, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikahamishia kwenye tundu lingine. Nikaipa umeme wa betri nyingine, maana mara nyingi kinacholaumiwa ni diski na mwenye kosa ni umeme. Hakuna. Mashine iliiona ya juu, ya chini haikuiona kabisa. Basi nikaitoa, nikaiweka sikioni ikiwa inazunguka. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni ya ufundi alikuwa mkali kwa hilo: usiiguse diski kwa bisibisi kabla hujaisikiliza. Diski nzima huvuma kama nyuki walio mbali. Hii ilivuma, kisha ikagonga, tik, tik, tik, ikanyamaza.

"Inasemaje?" Mghenyi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mota ni nzima. Kuna kichwa kidogo ndani, kinasoma sahani kama sindano ya santuri ya zamani, ila hakigusi. Hicho ndicho kinatafuta njia na hakiioni."

Nilifungua skrubu za bodi iliyo mgongoni mwa diski. Vile vidoti vya shaba vinavyopitisha habari vilikuwa vimeingia weusi.

"Una penseli, Mtendaji? Yenye raba?"

"Penseli? Kijiji kizima hakina maji, fundi anataka penseli." Hata hivyo alitoa moja mfukoni. Nilifuta vile vidoti taratibu, kimoja kimoja, mpaka vikang'aa, nikarudisha bodi, nikawasha. Diski ikaonekana. Mghenyi alipiga makofi, Raudha mgongoni akacheka kwa kusikia makofi. Kwa sekunde kumi na moja tulikuwa na ramani. Kisha, tik, tik, tik.

Ilibaki kuifungua. Diski haifunguliwi hewani, maana chembe moja ya vumbi huko ndani ni kama jiwe barabarani. Mimi nafungulia ndani ya kile kitanda cha kioo cha watoto njiti, ambacho zahanati ilikitupa ilipokufa hita yake. Kina matundu mawili ya kupitishia mikono na hewa yake huchujwa. Niliingiza mikono, nikainua kifuniko.

Kwenye sahani kulikuwa na utando wa rangi ya chai, na kichwa kilikuwa kimenata nao na kuuchana. Nilisogeza kifuniko karibu na pua yangu. Sikuhitaji kuvuta mara mbili. Harufu ile nimezaliwa ndani yake.

Ulikuwa ubani.

2

Watu wetu mia nne na kumi na wawili walibaki baharini kisiwa kilipozama, na hakuna hata mmoja mwenye kaburi. Lakini mwaka mmoja kabla, wakati maji yanaanza kuingia mashambani, serikali ya kisiwa ilifanya sensa ya vivuli. Kila mtu alisimama mbele ya kamera tatu, akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, na kiwanja chake, ili haki yake imfuate popote atakapopelekwa. Kivuli si picha. Mashine ikikiwasha, mtu anasimama chumbani kwa urefu wake wote, anapumua, anakuna shingo, anazungumza. Dakika tatu au nne, kisha anarudi mwanzo.

Diski ya majina ndiyo iliyowabeba.

Kwa hiyo kila Alhamisi alasiri wanawake wa Mrimbwa huja chumba cha mashine, wakiongozwa na mama mkwe wangu, Bi Mize. Kivuli kimoja kwa wiki, kwa zamu: kila mwanamke huchagua wa kwake. Humsomea dua yule aliyesimama, na kama ilivyo kwetu kwa marehemu wetu Alhamisi, hufukiza ubani. Chetezo huwekwa sakafuni, mbele ya kabati. Na feni ya kabati hunyonya hewa kutokea chini. Miaka kumi na mmoja ya Alhamisi ilipita kwenye tundu la kupumulia la diski ya maji. Na mimi fundi, ambaye nimesimama mle na chetezo mkononi mara ngapi sijui, sikuwahi kuwaza.

"Kichwa kingine kinapatikana?" Mghenyi aliuliza.

"Viwanda vya diski hizi vina miaka tisa vimefungwa."

"Na ile nakala ya mbali?"

"Ilizimika mwaka ule waya wa baharini ulipokatika. Unakumbuka."

Aligeuza kofia mkononi. Kisha akanyanyua macho taratibu, akaangalia diski ya juu kabatini. Nami nilikuwa ninaangalia huko huko.

"Vichwa vya ile vinaingia kwenye hii," nilisema kabla hajauliza. "Ni ndugu, namba zinafuatana. Nikivihamisha, ramani ninaweza kuinakili kwenye kumbukumbu ndogo ya kuchomeka, haina uzito, ni tarakimu tu. Kama saa tano hivi. Lakini vikishapita juu ya sahani iliyochubuka, vimekwisha. Nikivirudisha vitachubua na ile nzima."

"Na vivuli? Navyo huwezi kuvinakili kwanza?"

"Kivuli kimoja hakiingii kwenye kumbukumbu zote za kijiji hiki zikiunganishwa. Majina ndiyo, naweza kuyatoa kama maandishi. Watu wenyewe, hapana."

"Kwa hiyo watafutika."

"Hawafutiki. Watakuwemo ndani ya sahani, wazima. Ila hakutakuwa na cha kuwasomea. Labda siku moja, mahali fulani, mtu akapata diski ndugu yake. Labda."

Mghenyi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ana meno ya kahawia, na huwa hacheki kwa mdomo wazi. "Mdogo wangu Sungi," alisema, "alikuwa anatushinda sote mbio. Alipofika miaka tisa alikuwa anatembea kwa magoti. Hapakuwa na mashine. Tulifungua kisima tulichopenda ladha yake." Akamtazama Raudha begani kwangu. "Tukifungua kwa mkono leo, tutafungua kwa mkono miaka yote, Mama Raudha. Kwa kubahatisha."

"Najua."

"Basi wasiambiwe." Alisema haraka, kama mtu anayetupa kitu cha moto kilicho mkononi. "Sema ya juu nayo imekufa. Diski hufa. Nani wa kukubishia, na fundi ni wewe peke yako? Ukiwaambia ni ubani, utawaumiza bure. Na watu wangu wakisikia kwamba moshi wa wageni ndio uliofunga maji, mimi nitawashika wangapi?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonishinda. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kumjibu.

Na nisijitakase: nilikubali. Sikutamka, ila nilitikisa kichwa, na nilikuwa nimekubali kwa umbali wote wa kutoka chumba cha mashine mpaka nyumbani. Nikawa najiambia, mtoto huyu ana meno manne. Nani atanilaumu?

Bi Mize alikuwa barazani na ungo, anachagua mchele. Alinyoosha mikono, nikamfungulia Raudha, akampakata katikati ya ungo na tumbo.

"Umechoka, mwanangu," aliniambia. "Maji yatarudi, yatakwenda wapi? Wewe jikaze mpaka keshokutwa tu. Alhamisi hii zamu ni yako, anasimama mama yako. Nimeshawaambia wenzangu, huyu mtoto tumsimamishe mbele kabisa, amwone bibi yake. Sasa ana akili, atamshika sura."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi.

3

Nilimwambia yote. Utando, sahani, feni, vichwa, na lile pendekezo la Mtendaji pia, ingawa jina lake nililimumunya. Bi Mize alikuwa ameshika punje moja ya mchele muda wote, haiweki kwenye ungo wala haitupi.

"Kwa hiyo ni sisi tuliofunga maji," alisema mwishowe.

"Mlikuwa mnaomba dua, mama."

"Moshi haujui dua." Aliirudisha ile punje. "Na wewe ulitaka kunificha."

"Nilitaka."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa barazani."

"Haya. Si mbali sana. Waite wenzangu, na huyo Mtendaji wako uliyemmumunya jina umwite pia. Aje akae, asikie kwa masikio yake. Asije akafikiri sisi ni mayai, tukiguswa tunavunjika."

Walikuja ishirini na tatu. Mghenyi alikaa pembeni, kofia magotini. Nilisimama mbele yao kama mwanafunzi wa mtihani, nikaeleza tena. Nilipofika kwenye ubani mtu akaanza kulia taratibu, kisha wengine. Bi Mkasi hakulia. Bi Mkasi alipoteza mume na wana wawili.

"Ngoja nikuelewe, wee Hidaya," alisema. "Mume wangu hana kaburi. Hana sanda. Ana dakika tatu na nusu. Unataka nimzike kwa bisibisi?"

"Sitaki, Bi Mkasi."

"Lakini utamzika."

"Mkisema hapana, sitaigusa. Naapa. Nitairudishia mlango wa kabati na tutatafuta namna nyingine."

"Ipi?"

"Sijui," nilisema.

Mghenyi akainuka. "Mimi nilimwambia binti huyu awadanganye," alisema. "Niliogopa. Si kwamba niliwaona si kitu. Naomba radhi." Akaketi. Yule aliyekuwa karibu naye alimsogezea mkeka.

Bi Mize alizungumza akiwa bado amempakata Raudha. "Mimi binti yangu Siti yumo mle. Nimemwona mara ishirini na mbili, nimehesabu. Mara ya kwanza nilitaka kufa. Mara ya ishirini na mbili niligundua namtazama viatu, namna alivyovifunga vibaya, na dua nimeisahau katikati." Alimweka Raudha sawa. "Kwetu Mrimbwa makaburi yalikuwa nyuma ya msikiti. Nani kati yetu aliwahi kulifukua la babake aone kama bado yumo? Ulikuwa unajua yumo. Unasimama nje, unasoma, unakwenda zako."

"Hayo ni yako wewe, Mize," Bi Mkasi alisema. "Mimi bado sijamtazama vya kutosha."

"Najua, dada."

"Hujui."

"Basi sijui. Lakini mtoto huyu ana kiu."

Hapakupigwa kura. Kwetu, jambo likishakuwa zito, watu huinuka mmoja mmoja, na anayebaki amekaa ndiye anayekataa. Waliinuka. Ilichukua muda mrefu. Bi Mkasi alibaki amekaa. Nilijua kwa desturi yetu hiyo ilitosha kunizuia, na kila mtu alijua, nao walisimama wakingoja, hakuna aliyemsihi. Mwishowe alishika bega la aliye karibu, akajivuta juu.

"Sijakubali," alisema. "Nimeinuka tu."

Mchana wa siku ya pili waliwaona marehemu wao kwa mara ya mwisho. Hatukuwa na muda wa wote mia nne na kumi na wawili. Kila ukoo ulichagua mmoja, na sitaandika walivyochagua. Asubuhi yake nilikuwa nimeyatoa majina yote, na binti mmoja mwenye mwandiko mzuri akayanakili kwenye madaftari matatu ya shule. Bi Mkasi hakuingia. Alikaa nje akimshikilia Raudha, hata zamu yangu ilipofika, ikabidi nimwendee kumchukua mtoto.

Mama yangu alisimama pale na gauni lake la maua. Kabla hajataja jina lake, aliangalia pembeni, akamwuliza mtu wa kamera, "Hii imeshaanza?" Akacheka. Raudha alinyoosha mkono. Mkono ulipita kwenye maua ya gauni ukatokea upande wa pili, akaurudisha akautazama.

Nikazima kwa kidole changu mwenyewe.

4

Kuhamisha vichwa ni kazi ya dakika arobaini ambayo huwezi kukohoa. Niliziweka diski zote mbili ndani ya kitanda cha njiti, nikaingiza mikono. Kuna kifaa kidogo, kama kichana cha plastiki, unakipenyeza katikati ya vichwa visigusane. Nilikuwa nimejitengenezea cha kwangu kwa mfuniko wa dawa ya mswaki, enzi za masomo, na mwalimu alikicheka mbele ya darasa zima. Kilipenya. Vichwa vya diski ya majina vilitoka vizima, vinametameta, vyepesi kuliko kope.

Niliifunga ile diski ya majina kwanza, kabla ya kuendelea. Kifuniko, skrubu zote saba, na utepe kuzunguka kiungo chote. Sahani zake zilikuwa safi kama kioo. Niliirudisha kwenye nafasi yake kabatini, juu. Sikuona mahali pengine pa kuiweka.

Kisha nikavipachika vile vichwa kwenye ya maji, nikawasha.

Ilivuma. Haikugonga.

Nilinakili kwa saa nne na dakika hamsini. Kwenye asilimia sitini ilianza kukwaruza. Kwenye themanini nilisikia harufu ya chuma. Mghenyi alikaa mlangoni bila kuuliza lolote, na kwa hilo nilimshukuru. Ilipofika tisini na moja vichwa vikalia mara moja, kwa sauti kali kama kucha kwenye sufuria, vikafa. Vipimo vya visima viwili vilikuwa kwenye zile tisa zilizobaki. Hivyo hatutavifungua tena. Kumi na saba tunavyo.

Niliweka kumbukumbu ndogo mahali pa diski ya maji. Mashine ikasoma, ikafikiri, ikasoma tena. Huko nje koki ya kisima cha nne ikafunguka, kisha ya kumi na moja, kisha ya saba. Mghenyi alitoka mbio kama kijana. Nikasikia ndoo, na watu wakiitana, kwa Kinyaturu na kwa lahaja yetu, bila mpangilio.

Nilibaki peke yangu na kioo. Au nilidhani. Nilipogeuka, Bi Mkasi alikuwa ameingia na Raudha kiunoni. Hakuangalia kabati. Alikuwa anaangalia kioo, ambapo maandishi mapya yalikuwa yametokea. Hajui kusoma.

"Inasema nini hiyo?"

"Inasema diski ya pili ipo mahali pake lakini haiwezi kuisoma. Inauliza kama tuiondoe kwenye orodha yake, isiitafute tena."

"Ukiiondoa?"

"Itaisahau. Itafanya kazi kama haikuwahi kuwapo."

"Na usipoiondoa?"

"Itaitafuta kila asubuhi ikiwaka. Haitaipata. Itauliza tena."

Bi Mkasi alimhamishia Raudha kiuno cha upande wa pili. Nje mtu alipiga kigelegele, cha kwanza kwa siku mbili, naye hakugeuka.

"Wewe unajibuje?"

"Hapana," nilisema. "Najibu hapana."

Nikabonyeza. Maandishi yakaondoka.

Bi Mkasi alikitazama kile kioo kitupu. Kisha akasogea karibu, mpaka bega lake likagusa langu, akanyoosha kidole juu ya vitufe bila kuvigusa.

"Kesho nitakuja mimi," alisema. "Nionyeshe pa kubonyeza."